Supamaketi Yenye Uso wa Kiwanda

Mtu atokaye katikati ya jiji la London kuelekea magharibi, akiifuata barabara kuu iendayo Oxford, hufika mahali paitwapo Perivale. Hapo, kwa mkono wa kuume, huliona jengo refu jeupe likiwa nyuma ya majani yaliyokatwa vizuri. Nguzo zake zimepangwa mfululizo kama askari gwarideni, fremu za madirisha yake ni za kijani, na kila pembe imeshikwa na mnara mfupi wenye madirisha yaliyopindwa kuifuata kona. Mlango mkubwa wa katikati umepambwa kwa vigae vya rangi, na juu yake miale imetawanyika mithili ya jua linalochomoza. Mgeni asiyeambiwa kitu aweza kudhani kwamba ameliona hekalu, au jumba la mfalme aliyehamia kwingine. Lakini akizunguka nyuma atakuta watu wakisukuma vigari vilivyojaa mkate, maziwa, viazi na sabuni. Pale ni sokoni; tena soko la siku hizi, la kujihudumia, liitwalo supamaketi.

Si desturi ya ukurasa huu kuwapeleka wasomaji mbali hivyo kwa ajili ya duka. Tumelichagua jengo la Perivale kwa sababu ukuta wake wa nje unasomeka kama daftari, na kwa sababu yaliyoandikwa humo yahusu jambo ambalo miji yetu nayo inalikabili kila mwaka: jengo la kazi ya zamani likikosa kazi yake, lifanywe nini, na ni nani aamuaye ni sehemu gani ibaki?

Kusoma ukuta si elimu ya wataalamu peke yao. Msomaji ajaribu katika mji wake mwenyewe. Dirisha lililozibwa kwa matofali huacha mstari, maana matofali mapya hayakubali kufanana na ya zamani hata yapakwe rangi mara tatu. Mlango mpana uliofanywa mwembamba hubaki na kizingiti kirefu kisicho na maana tena. Herufi za jina la duka zinapong'olewa, ukuta uliokuwa chini yake haukuchomwa na jua wala kupigwa na vumbi, na hivyo jina la marehemu huendelea kusomeka juu ya kichwa cha mrithi. Kampuni ya Nakumatt, iliyoanzia Kenya ikaenea hadi Uganda, Tanzania na Rwanda, ilipofilisika na wadai wake kuamua mwaka 2020 kwamba ivunjwe, maduka yake mengi yalichukuliwa na wengine. Hakuna aliyehitaji kuambiwa pale palikuwa pa nani. Na katika mitaa ya kale ya miji yetu bado kuna maduka yenye mwaka na jina la mjenzi vilivyochorwa kwa saruji juu ya paa, hali ndani yake pauzwa simu.

Turudi Perivale. Jengo lile lilijengwa kwa ajili ya kampuni ya Kimarekani ya Hoover, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kufyonza vumbi. Hoover mwenyewe, William Henry, alikuwa mtengenezaji wa matandiko ya farasi na bidhaa za ngozi katika jimbo la Ohio. Mwaka 1908 alinunua haki ya uvumbuzi wa mtu mmoja aliyeitwa James Murray Spangler, aliyebuni mashine ya umeme ya kufyonza vumbi. Magari yalikuwa yanaanza kuwaondoa farasi barabarani, na fundi wa matandiko aliyeona mbali alitafuta kazi nyingine. Biashara ilikua hata Waingereza wakalifanya jina la Hoover kuwa kitenzi, na mpaka leo mtu wa kwao asafishaye zulia kwa mashine ya kampuni nyingine kabisa husema kwamba ana-hoover.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni iliamua kujenga kiwanda chake kando ya barabara mpya ya magari, Western Avenue. Wasanifu wake walikuwa Wallis, Gilbert na Wenzao, na mkuu wao alikuwa Thomas Wallis. Jengo la kwanza lilifunguliwa mwaka 1933. Wallis alikuwa na imani moja aliyoieleza waziwazi mbele ya wasanifu wenzake: kwamba fedha kidogo zinazotumika kuupamba uso wa kiwanda hazipotei, kwa kuwa uso huo ni tangazo la biashara. Ndiyo maana aliuchora ukuta ule uwe wa kusomwa na mtu aliye ndani ya gari linalokwenda mbio. Nguzo ni kubwa, rangi ni chache na kali, na usiku taa zilimulika kila kitu ili hata msafiri wa gizani asilipite bila kulijua jina la Hoover.

Mapambo yenyewe yalikuwa ya mtindo uliopendwa wakati ule, ambao wataalamu huuita Art Deco. Kaburi la Farao Tutankhamun lilikuwa limefunuliwa nchini Misri mwaka 1922, na kwa miaka kadhaa Ulaya na Amerika zililewa kwa nguzo, miale na rangi za Kimisri. Twaweza kusema, bila kutia chumvi nyingi, kwamba mashine za kufagia za Wamarekani ziliuzwa London kwa sura iliyokopwa sehemu yake Afrika. Wajuzi wa majengo hawakufurahi. Nikolaus Pevsner, mwanahistoria mashuhuri wa majengo ya Uingereza, alipoandika juu ya eneo hilo mwaka 1951 alilitaja kiwanda hiki kwa dharau kubwa, akilihesabu kuwa baya kuliko mabaya yote yaliyopangwa kando ya barabara ile. Kwake yeye lilikuwa ni kelele za mfanyabiashara zilizofanywa kwa saruji. Haikosi kweli. Lakini tangazo likikaa muda mrefu hubadilika kuwa kumbukumbu, na ndivyo ilivyotokea hapa.

Mwaka 1938 likaongezwa upande wa magharibi jengo la kantini ya wafanyakazi, lenye madirisha marefu na sura iliyo tulivu zaidi. Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja, kiwanda kiligeuzwa kutengeneza vifaa vya umeme vya ndege na vifaru, na uso mweupe uliojengwa uonekane kutoka mbali ulilazimika kufichwa usionekane kutoka angani. Vita ilipokwisha weupe ulirudi, na mashine za kufyonza vumbi nazo zikarudi.

Halafu yakaja yale ambayo viwanda vingi vya Uingereza vilikutana nayo. Mwaka 1982 utengenezaji wa mashine ulikoma Perivale. Milango ya karakana ilifungwa, na watu waliozoea kuamshwa na zamu wakaamka bila zamu. Kwa miaka kadhaa jengo lilisimama likisubiri. Rangi ilibanduka, na watu walipita mbele yake kwa magari kama walivyopita siku zote. Mmoja wa wapita njia hao alikuwa kijana aliyekuwa akifanya kazi ya kompyuta katika kiwanda cha vipodozi huko Acton, ambaye baadaye alipata sifa duniani kwa jina la Elvis Costello. Alitunga wimbo kwa jina la kiwanda hicho, nao ukatoka mwaka 1980. Ni majengo machache ya viwanda yanayotungiwa nyimbo na watu ambao hawakupata kufanya kazi humo.

Kwa nini jengo hilo halikubomolewa? Sababu ni jengo jingine lililobomolewa. Kusini ya Perivale, huko Brentford, palikuwa na kiwanda cha matairi cha Firestone, kilichojengwa mwaka 1928 kwa mchoro wa Wallis yule yule, na wengi walikihesabu kuwa kizuri kuliko cha Hoover. Kilipofungwa, ardhi yake ilinunuliwa. Habari zikasikika kwamba serikali ilikuwa mbioni kukiingiza katika orodha ya majengo yanayolindwa kwa sheria. Mwezi wa Agosti 1980, katika mapumziko ya mwisho wa juma lenye sikukuu, maofisa wakiwa makwao, matingatinga yaliingia. Watu waliporudi kazini, uso ule wenye nguzo na vigae vya rangi ulikuwa umekwisha kuwa kifusi.

Kishindo cha kitendo hicho kilisikika hata katika ofisi za mawaziri. Chama kilichokuwa kimeanzishwa mwaka uliotangulia kutetea majengo ya miaka ya 1930 kilipata wafuasi wengi kwa siku chache kuliko ambavyo kingepata kwa miaka ya mikutano, na serikali ikaharakisha kuyakagua majengo ya kipindi hicho. Kabla ya mwaka huo kwisha, jengo la Hoover liliandikwa katika orodha, tena katika daraja la pili kati ya madaraja matatu ya Uingereza, daraja ambalo majengo machache tu hulifikia. Hivyo kifo cha ndugu mmoja kilimponya mwenziwe. Jengo alilolidharau Pevsner mwaka 1951 likawa, baada ya miaka 29, mali ya taifa isiyoguswa bila kibali.

Lakini kibali hakileti fedha. Jengo kubwa lililo tupu hula fedha za mwenyewe kila mvua inaponyesha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilinunuliwa na kampuni ya Tesco, yenye maduka ya vyakula katika nchi nzima, na mapatano yaliyofikiwa yaweza kuelezwa kwa maneno machache: jengo la mbele litengenezwe na kurudishiwa uzuri wake, kwa kushauriana na English Heritage, shirika lililokuwa likisimamia urithi wa majengo, karakana za nyuma zibomolewe, na mahali pake pajengwe supamaketi. Mwaka 1992 duka lilifunguliwa.

Hapa ndipo tunapoomba msomaji asimame nasi kidogo. Kilichobaki ni kile kilichokuwa na vigae. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa na kazi. Ofisi za wakubwa, zilizotazama barabara kwa fahari, zililindwa. Karakana, ambamo mikono ya wanaume na wanawake iliunganisha injini ndogo za umeme na mifuko ya vumbi siku baada ya siku kwa karibu miaka 50, hazikuwa na pambo la kumvutia mkaguzi, wala sheria haikuona sababu ya kuzililia. Hatuwalaumu wakaguzi. Karakana ni chumba kikubwa chenye paa, na ni nani atakayeomba chumba kikubwa chenye paa kihifadhiwe? Hata hivyo, mtu anayelisoma jengo hili kutoka nje, akadhani kwamba ameisoma historia ya kiwanda, atakuwa amesoma jalada tu. Kurasa za ndani zimekwisha kuchanwa.

Tena kuna mtego mwingine. Wasanifu wa supamaketi hawakutaka duka lao lionekane kama bohari lililotupwa nyuma ya jumba la heshima. Waliujenga upande wake wa mbele kwa kuiga mtindo wa mwaka 1933: mistari ya rangi, weupe, na herufi zinazotaka kufanana na za zamani. Ni adabu njema ya jirani kwa jirani. Lakini kwa mwenye kusoma kuta ni ushahidi wa uongo. Mteja anayekuja kwa lango la nyuma na kuuona ule ukuta aweza kuamini kwamba hapo ndipo wafanyakazi wa Hoover walipoingilia asubuhi, ilhali ukuta huo ulijengwa miaka kumi baada ya mashine ya mwisho kutoka. Alama ya kweli ya matumizi ya zamani mara nyingi ni mbaya: ni kiraka, ni doa, ni ndoano ya chuma isiyojulikana kazi yake. Ikiwa nzuri mno, yafaa kuichunguza mara mbili.

Yapo maduka ya namna hii mahali pengine, na kila moja lina ukweli wake. Katika mji wa Bath, magharibi ya Uingereza, kampuni ya Sainsbury's ilifungua duka mwaka 1982 karibu na stesheni ya reli ya Green Park, iliyofunguliwa mwaka 1870 na kufungwa mwaka 1966. Paa kubwa la upinde la stesheni, ambalo mwaka 1942 lilipoteza vioo vyake kwa mabomu ya Wajerumani, liligeuka kuwa kivuli cha magari ya wateja, na mahali abiria walipongoja treni watu wakawa wanapanga mifuko ya vyakula. Hapo hakuna aliyeigiza kitu. Chuma ni kile kile, na mtu hupita chini yake akijua wazi kwamba treni zilikuwapo na sasa hazipo.

Venice nako, nchini Italia, kuna jumba lililojengwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia kwa ajili ya michezo ya jukwaani na sinema, Teatro Italia, lenye madirisha ya ncha kama ya majumba ya kale ya mji huo. Sinema ilipokwisha, chuo kikuu kilipatumia kwa masomo. Kisha pakafungwa kwa miaka mingi, na mwishoni mwa mwaka 2016 pakafunguliwa supamaketi. Jina la Italia bado lipo ukutani nje, na ndani picha zilizochorwa darini huwatazama wanunuzi wa nyanya. Kuna Waveneti waliofurahi kwamba picha zile zilitengenezwa na watu wakaziona tena, na wengine waliona uchungu kwamba mji unaopungukiwa wakazi umepata duka jingine badala ya jukwaa. Sisi twawaelewa wote wawili, ingawa twaongeza kwamba mwenyeji wa Venice naye hula.

Si ajabu kwamba sinema nyingi zimeishia kuwa supamaketi. Jumba la sinema ni ukumbi mpana usio na nguzo za katikati, hauhitaji madirisha, na hukaa penye watu wengi. Mwenye duka la kujihudumia hutaka hayo hayo matatu. Ndiyo sababu mtu akiona duka la vyakula lenye ukuta mrefu mtupu usio na dirisha hata moja, milango ya chuma ya dharura ubavuni, na kibaraza kilichotokeza juu ya njia ya watembea kwa miguu kuwakinga watu na mvua, aweza kukisia kwamba kibaraza kile hakikujengwa kwa ajili ya wanunuzi wa unga. Kilijengwa kwa ajili ya foleni ya tikiti. Sinema nyingi za Afrika Mashariki nazo zilifungwa televisheni na kanda za video zilipoenea, zikageuzwa kuwa maghala, makanisa na maduka. Wasomaji wetu wenye umri wataweza kuzihesabu kwa vidole bila msaada wetu.

Tofauti ya Perivale na mahali hapo pengine ni kwamba Bath na Venice watu wameingia ndani ya jengo lenyewe, hali Perivale wameingia nyuma yake. Uso ulihifadhiwa, lakini kwa miaka mingi hapakuwa na jambo la maana nyuma yake. Ofisi zilipata wapangaji zikawapoteza, na vyumba vingi vya jengo la mbele vilikaa vitupu, huku duka likijaa watu hatua chache tu kaskazini. Ilipofika miaka ya 2010 mwekezaji mwingine alilinunua jengo la mbele na kuligeuza kuwa makazi. Kazi hiyo ilipokamilika, mnamo mwaka 2018, zilikuwa zimepatikana fleti 66. Kantini ya mwaka 1938 nayo ilikwisha kugeuzwa mkahawa. Kati ya majengo yote, kantini ndiyo iliyokaa karibu zaidi na kazi yake ya kwanza, kwani watu waliendelea kula humo.

Twajua wapo watakaouliza kama haikuwa heri kubomoa kila kitu na kujenga upya, kwa gharama ndogo. Swali hilo si la kudharauliwa katika nchi zenye uhaba wa fedha na wingi wa watu wanaohitaji nyumba. Jibu letu ni dogo. Hesabu ya gharama hufanywa na mwenye ardhi, lakini ukuta hutazamwa na kila mtu, na hakuna aliyetuma matingatinga wakati wa sikukuu kwa sababu aliamini kwamba mji ulikuwa upande wake. Pia hatuamini kwamba kila kiwanda kikongwe ni kitakatifu. Tungependa tu kwamba siku ya kuchagua kitakachobaki, mtu mmoja mezani awe ni yule aliyefanya kazi ndani, akaulizwa: mlango wenu mliopitia ulikuwa upi?

Kwa sasa duka la Perivale lina wateja wengi, na jengo jeupe lina watu wanaolala ndani yake na kupika na kufyonza vumbi kwa mashine za makampuni mbalimbali. Usiku taa bado hulimulika. Kule Brentford, Firestone kilipokuwa, yamebaki malango na uzio wa chuma mbele ya barabara, navyo sasa vinalindwa kwa sheria. Nyuma yake zimesimama ofisi za watu wengine.